c4 c5: nani anauvunja ulinganifu, na kwa askari yupi

Katika sataranji, ukinianzia c4, yaani askari wa safu wima ya c asogee mpaka mraba wa nne, nitakujibu c5. Nimezoea hivyo kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo watu wa barazani kwetu, Ngamiani hapa Tanga, wananiambia huo ni mchezo wa mtu anayetafuta suluhu ili awahi magharibi. Sibishani nao. Wengi wao ni watu wa e4: malkia atoke mapema, kete zianze kuliwa kabla kahawa haijapoa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Napenda nafasi ambayo kila upande una kilekile alicho nacho mwenzake, halafu mtu aniulize: haya, nani ana nafuu hapo, na kwa nini?

Chukua ubao upange. Nyeupe: askari c4, farasi c3, askari g3, askofu g2. Nyeusi: askari c5, farasi c6, askari g6, askofu g7. Hatua nne kila upande. Chora mstari kati ya safu ya nne na ya tano, na kila kete utaikuta pacha wake ng'ambo ya pili. Huu ni Ufunguzi wa Kiingereza katika umbo lake la ulinganifu. Uingereza wake unatokana na Howard Staunton, aliyeucheza Paris mwaka 1843 katika pambano lake na Mfaransa Saint-Amant, akashinda pambano.

Sasa uangalie ubao vizuri. Askari wa c4 na c5 wamekabana vichwa, hakuna anayeweza kusogea wala kumla mwenzake. Askofu wa g2 anamwona farasi wa c6, ndiyo, lakini farasi huyo ana askari wawili wanaomlinda. Na upande wa pili ni vivyo hivyo. Hakuna kinachoning'inia. Nyeupe ina haki ya kucheza kwanza, ile hatua moja ya ziada ambayo vitabu vyote vinaisifu, lakini haina pa kuitumia. Ukicheza e4 e5, hatua hiyo unaigeuza kuwa farasi f3 na papo hapo umeshamgusa askari wa e5. Hapa ugusie nini? Kwa hiyo kazi ya nyeupe ni kutengeneza mgusano, na kuutengeneza wakati zamu ikiwa yake. Kazi ya nyeusi ni kujua imfuate mwenzake mpaka wapi, na ijitenge lini.

Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Nina klabu ndogo shuleni, tunakutana baada ya vipindi, na kila darasa jipya likija hatukosi mmoja aliyegundua siri kuu ya sataranji: kumwiga mpinzani. Safari hii alikuwa binti wa kidato cha pili, mpole, msemaji wa mara chache. Alikuwa amefanya hesabu zake. "Mwalimu, nikimwiga kila hatua mpaka mwisho, atanishindaje? Si tutakuwa sawa daima?"

Nikamwambia aniige. Nikacheza c4, akacheza c5. Nikampeleka malkia a4, akampeleka wake a5. Malkia wangu c6, katikati ya kete zake, pale ambapo angeweza kumla kwa askari wa b7, kwa askari wa d7 au kwa farasi. Lakini tulikubaliana kuiga, na yeye ni mtu wa ahadi: malkia wake akatua c3. Nikala askofu wa c8. Mfalme wake amebanwa na kete zake mwenyewe, mraba wa d8 umefungwa na malkia wangu, ngome ya a8 imezibiwa njia na farasi wa b8, na malkia wake aliye c3 haioni c8 kwa sababu mbele yake kuna askari wangu wa c4. Mchezo umekwisha kwa hatua nne. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Akauliza: "Kwa hiyo niache kuiga lini?"

Swali hilo nimekuwa nikilijibu vipande vipande ubaoni tangu siku hiyo, na leo nataka niliweke pamoja.

Kwanza niwajibu wazee wa bao, maana nawajua, watasema hata bao linaanza sawa kwa sawa na hakuna anayelalamika. Linaanza sawa, kweli. Katika bao la Kiswahili kila mmoja ana kete 6 kwenye nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia, na 22 mkononi. Lakini nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwa kila mchezaji, na kwa kuwa wachezaji wamekaa uso kwa uso, nyumba yangu haitazamani na yako. Darasani ningesema huo ni mzunguko wa nyuzi 180. Sataranji ni akisi: mfalme anatazamana na mfalme, malkia na malkia, ngome na ngome. Tofauti hiyo si ndogo. Katika akisi, safu ikifunguka inafunguka kwa wote wawili kwa mpigo mmoja, na anayefika wa kwanza ndiye anayekula au anayeimiliki. Ndiyo maana kuiga katika sataranji kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Kete inayoigwa inaweza kuliwa kabla haijaiga. Na cheki haiigiki: ukipewa cheki, huwezi kujibu kwa cheki yako kwa sababu tu mwenzako kakupa, lazima kwanza umwokoe mfalme.

Basi turudi kwenye ile nafasi ya hatua nne. Nyeupe ina askari watatu wa kuuvunjia ulinganifu: wa b, wa d na wa e. Ukimjua askari umeujua mpango wote, farasi waende wapi, ngome zikae safu gani. Mimi naanza kuwafundisha wa b, kwa sababu huyo ndiye anayeonyesha vizuri zaidi ugonjwa wa kuiga.

Nyeupe inacheza a3, kisha ngome b1, kisha b4. Lengo ni askari wa c5. Huyo ndiye anayeizuia d4 na ndiye anayempa farasi mweusi raha ya kukaa pale d4 siku moja. Ukimgonga kwa b4, akila, unamla kwa askari wa a. Hesabu ni ileile, askari kwa askari, lakini nyeusi imetoa askari wa karibu na katikati na wewe umetoa wa pembeni. Isitoshe, b5 inanukia: farasi wa c6 atafukuzwa, na ulalo wa askofu wa g2, yaani njia yake ya mshazari, utakuwa wazi mpaka b7. Hakuna cheche hapa. Ni kazi ya taratibu upande wa malkia, mfalme wako akiwa amelala salama g1.

Nyeusi ikiiga, inaiga kweli: a3 a6, ngome b1 ngome b8, b4, c5 inakula b4, a3 inakula b4, b5, c4 inakula b5, a6 inakula b5. Mmecheza hatua tisa kila mmoja na ubao bado ni akisi kamili. Askari wa b4 na b5 wamekabana, safu za a na c ziko wazi, na kila upande una kituo chake: c5 kwa nyeupe, c4 kwa nyeusi, miraba ambayo askari wa b anailinda na hakuna askari wa kumfukuza farasi atakayetua hapo kirahisi.

Wanafunzi wangu wakifika hapa huwa wanatulia, wanaona wamefanya vizuri. Mimi huwaambia hapa ndipo saa inapogonga. Nyeupe inatoa farasi f3 na inataka d4, halafu askofu f4, ambaye atamgusa mtu: ngome ya b8. Nyeusi ikiendelea kuiga polepole, itaguswa kwanza. Kwa hiyo jibu zuri la farasi f3 ni d5, hatua ambayo nyeupe haijaicheza. Nyeusi imetangulia! Na hapo kuna jambo linalonifurahisha kila nikiliona: nyeupe ikijibu d4 na nyeusi ikatoa farasi f6, ubao unarudi kuwa akisi tena, lakini safari hii aliyeiga ni nyeupe. Yule binti aliliona hilo kabla sijalisema, na tangu siku hiyo sina wasiwasi naye.

Kisha askofu f4 anakuja kweli, ngome ya b8 imeguswa, nyeusi inaipandisha b6, na hapo ndipo ulinganifu unapokoma. Sasa ni mambo ya nani atafika kituoni. Farasi wa nyeupe aliye f3 ana njia ya d2, b3, c5. Ila acheze e3 kwanza, kwa sababu akihama f3 askari wa d4 anabaki bila mlinzi, na farasi wa c6 yuko hapo anasubiri. Farasi mweusi wa f6 angekuwa na njia hiyohiyo ya kwake, d7, b6, c4, lakini b6 sasa ina ngome yake mwenyewe. Itabidi azungukie e4 na d6. Mraba mmoja, ngome moja. Katika nafasi kama hii hiyo ndiyo nafuu yote unayoweza kuitarajia, na kwa mchezaji mvumilivu inatosha.

Kuna njia nyingine kwa nyeusi, kujibu a3 kwa a5 na kumkatalia nyeupe b4 moja kwa moja. Wengi huipenda kwa sababu inaonekana ngumu. Mimi siipendi sana. Umezuia b4, lakini mraba wa b5 hautapata tena askari wako wa a wa kuulinda, na farasi wa c3 yuko hatua moja tu kutoka hapo.

Askari wa d ni habari tofauti kabisa. Hapa nyeupe haiandai kitu pembeni, inafungua katikati. Farasi f3, farasi f6, wafalme wote wawili wanajificha pembeni kwa kasri (mfalme na ngome wanahama kwa hatua moja), na nyeupe inacheza d4 hatua ya saba. Nyeusi ikiiga kwa d5, nyeupe ndiyo inayoanza kula, na katikati ikifunguka kwa namna hiyo kuwa wa kwanza ni jambo kubwa. Kwa hiyo nyeusi hula: c5 inakula d4, farasi anakula d4, wanabadilishana farasi, malkia mweupe anabaki d4, nyeusi inacheza d6.

Ulinganifu umevunjika kwa askari mmoja tu. Nyeupe ina c4, nyeusi haina tena wa c. Hapo ndipo mipango miwili inapozaliwa, na yote miwili inamzunguka askari huyo wa c4. Nyeupe inataka kumlinda kwa b3, ngome c1, halafu kumweka farasi d5 na kukaa juu ya kifua cha nyeusi. Nyeusi inataka kumng'oa: a6, ngome b8, b5. Ukiiacha nyeusi icheze b5 kwa amani, nafuu yako ya nafasi imekwisha na askofu wa g7 anakuwa bwana wa ulalo mrefu. Kila anayecheza nyeusi hapa anaijua b5. Ni hatua sahihi. Swali ni siku ya kuicheza.

Mfano mzuri kuliko wote niujuao ulichezwa Reykjavik, Iceland, Julai 1972, mchezo wa 8 wa Bobby Fischer na Boris Spassky wakigombea ubingwa wa dunia. Fischer alikuwa mtu wa e4 karibu maisha yake yote. Katika pambano hilo akaanza kutoa c4, na katika mchezo huo Spassky akamjibu c5. Wakaingia humohumo nilimoeleza: d4, wakala, wakabadilishana farasi, malkia d4, d6. Fischer akamleta askofu g5. Spassky askofu e6. Malkia mweupe akaenda f4, mweusi akaenda a5. Ngome c1, ngome b8. b3, ngome ya pili ya Spassky c8. Malkia wa Fischer akarudi d2, Spassky akacheza a6.

Simama hapo uangalie kete nyeusi. Malkia a5, ngome b8, ngome c8, askari a6. Kila kitu kimeelekezwa kwenye b5. Ungempa mtihani mwanafunzi yeyote wa ufunguzi huu aseme hatua inayofuata, angeandika b5 na angepata alama zote. Fischer akamrudisha askofu wake kutoka g5 mpaka e3. Hatua ya unyonge, inaonekana kama amekosa la kufanya. Spassky akacheza b5.

Askofu akaenda a7.

Ngome ya b8 haina pa kwenda. Kulia kuna ngome mwenzake c8. Ikipanda b7, askofu wa g2 anaila. Ikienda a8, askofu wa g2 anaila vilevile. Ulalo mrefu ulifunguka kutoka g2 mpaka a8 pale askari wa b7 alipoondoka, na ungeonekana unaangalia hewa kama ngome isingepata tabu. Spassky akala c4, Fischer akala ngome, wakaendelea. Spassky akapata askari mmoja tu kama fidia ya kutoa ngome kwa askofu. Hatua chache baadaye Fischer akarusha farasi d5, Spassky akala malkia, na Fischer kabla ya kumla malkia wa Spassky akala kwanza e7 kwa farasi, kwa cheki. Tena ile ile: cheki, haijibiwi kwa kuiga. Nyeupe ikatoka hapo ikiwa mbele zaidi, na Spassky akakubali kushindwa baada ya hatua ya 37.

Ninapenda mchezo huu kwa sababu mpango wa Spassky haukuwa mbaya. Mpango ulikuwa uleule unaochezwa mpaka leo. Kilichokosewa ni hatua moja ya maandalizi, na katika nafasi zilizoanza sawa kwa sawa hatua moja ya maandalizi ndiyo fedha pekee iliyopo. Ukiwa na nyeusi na mkono unakuwasha kucheza b5, kwanza fuata ulalo wa askofu wa g2 kwa kidole mpaka mwisho, useme kwa sauti kila mraba anaougusa. Wanafunzi wangu nawalazimisha wafanye hivyo kweli, kwa kidole na kwa sauti. Wanaona aibu mbele ya shule nyingine, lakini wanafanya.

Amebaki askari wa e, na huyo ni wa shemeji. Alisomea uhandisi wa meli Odessa, kule Ukraine, miaka ya 80, akarudi na cheti, koti zito ambalo Tanga halina kazi, na seti ya sataranji ya mbao ambayo farasi mmoja mweusi ana sikio moja. Pia alirudi na e4. Si e4 ya watu wa barazani, ni ya hatua ya tano: c4 c5, farasi c3 farasi c6, g3 g6, askofu g2 askofu g7, na sasa e4. Ni mfumo unaoitwa kwa jina la Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Muungano wa Sovieti, mwaka 1948, naye mhandisi, wa umeme. Shemeji anaona fahari ya wahandisi katika hilo na simnyimi.

Mtu asiyeujua mfumo huu akiuona hushangaa. Askari wako c4, d3 na e4, na katikati yao umeacha tundu la d4 ambalo hakuna askari wako atakayelilinda tena. Farasi mweusi yuko c6, hatua moja. Mara ya kwanza nilipomweka farasi wangu pale nilimuuliza, "Shemeji, mbona unaniachia d4?"

"Kaa," akasema, bila hata kuinua macho. "Farasi mmoja hajawahi kuniua. Nionyeshe wa pili."

Na ana hoja. Farasi wa d4 ni mzuri wa kutazamwa, lakini peke yake anaangalia miraba ambayo shemeji ameshaipanga. Farasi wake wa pili haendi f3, anaenda e2, ili askari wa f awe huru. Askofu anakuja e3, malkia d2, nyuma yake kuna chaguo mbili na hakuambii ni ipi mpaka uchelewe: f4 kwa mfalme wako, au ile ile a3, ngome b1, b4 upande wa pili. Na wakati wewe unashangilia d4, mraba wa d5 umeshikwa na c4, e4, farasi wa c3 na askofu wa g2 nyuma ya askari. Akimweka farasi pale utamtoa kwa nini?

Kuiga hapa ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa mtu wa kawaida, ingawa kompyuta itakuonyesha sifuri mkavu, yaani sawa kwa sawa. Cheza e5, farasi e2 farasi e7, kasri kasri, d3 d6. Hatua nane, akisi safi. Shemeji anatua d5. Ukitua d4, anakula farasi wa e7 kwa cheki. Hujafa, malkia anamla, mchezo unaendelea. Lakini tangu hapo yeye anauliza na wewe unajibu, na shemeji akishaanza kuuliza haachi mpaka isha. Kompyuta haichoki kujibu, na wala haina mke anayepiga simu kuuliza mchele uko wapi.

Nyeusi yenyewe inaweza kujenga umbo hilihili la Botvinnik kwa makusudi, nyeupe ikitoa farasi f3: jibu e5, farasi e7, d6, na sasa tundu ni lako, liko d5. Nyeupe nzuri inalifuata kwa miguu: farasi anarudi e1, anakwenda c2, e3, anatua d5. Hatua nne kwa farasi mmoja! Watu wa e4 wakiona hivyo wanasema huyu hajui kutoa kete. Lakini katikati imefungwa, hakuna mlango wa kumwadhibu nao, na njiani amemfungulia askofu wa g2 ulalo wake. Katika nafasi zilizofungwa usihesabu hatua, hesabu farasi wanaishia wapi.

Dhidi ya e4 ya shemeji mimi nimeshafanya uamuzi. Sichezi e5. Nacheza e6, askari mdogo anayeziba d5 kwa unyenyekevu, halafu farasi wa pili e7, naye analinda d5 na hamzuii askari wangu wa f. Kasri, d6, farasi d4 kwa wakati wake na si kwa pupa. Kisha a6, ngome b8, na b5 baada ya kidole kufuata ulalo. Hapo hana pa kutua. Anabaki na mpango wake wa upande wa mfalme, anaandaa f4 kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mzigo melini, na barazani wanaanza kusogea kuangalia kwa sababu wanajua f4 ya shemeji imeshawaumiza wangapi.

Akicheza f4, nacheza f5. Askari wangu wa e6 na g6 wote wanaishika, farasi wa e7 anaishika, na ile f5 yake aliyokuwa anaiota haipo tena. Hiyo si kuiga, ingawa ukitazama kwa mbali safu ya f utadhani ndiyo.